Thunder Wapigwe Nyumbani Kwanza

Wacha niseme hii kitu mapema, ndio wale wa kutusi pia waanze mapema: shida ya Nairobi City Thunder si kwamba walipigwa Kigali. Shida ni kwamba walikuwa hawajapigwa Nairobi.

Sasa tulieni nieleze.

Kwa wale mlikuwa mbali, hadithi kwa kifupi ni hii. Ligi ya Basketi ya Afrika, ile tunaiita BAL, ilianza 2021. Imeanzishwa na NBA pamoja na FIBA, na hakuna jukwaa kubwa kuliko hilo kwa klabu za bara hili. Misimu minne ikapita sisi tukitazama tu. Rwanda walikuwa ndani kila mwaka. Sudan Kusini walipeleka Cobra Sport 2022. Uganda wakapeleka City Oilers 2023, wakawarudisha 2024. Kenya? Sisi tulikuwa tunapeleka maoni.

Halafu Thunder wakaja. Wakafuzu, na Mei 2025 wakawa klabu ya kwanza ya Kenya kukanyaga uwanja wa BAL. Kundi la Nile, BK Arena, Kigali. Waliokuwa wanatungoja huko ni APR wa Rwanda, Al Ahli Tripoli wa Libya na MBB wa Afrika Kusini. Mechi sita, kila mtu unakutana naye mara mbili. Tulifungua na APR, na hiyo mechi ya kwanza tulilimwa vibaya. Alama siandiki hapa. Mnazo, na wale mlikuwa mnazisambaza na vicheko mnazo hata kuniliko. Kundi lilipoisha, wenzetu walipanga safari ya Pretoria kwa mtoano, sisi tukapanga ya kurudi JKIA.

Hapo ndipo Wakenya wakajigawa makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la "hawana moyo". Hawa walikuwa wengi na walikuwa na sauti. Ati wachezaji walienda kupiga picha, ati walitetemeka, ati hawakuipenda bendera. Huwa najiuliza, moyo unapimwaje? Mtu ameamka asubuhi miaka kumi kurusha mpira kwenye pete ya mtaani isiyo na wavu, mvua ikinyesha anafagia maji na kadibodi, leo wewe uliyelala kwa kochi unamwambia hana moyo. Moyo wanao. Tukiongea juu ya moyo ni kwa sababu hatutaki kuongea juu ya vitu vingine.

Kundi la pili likataka kichwa cha kocha. Hiyo ni tabia tumeokota kwa mpira wa miguu, ambako kocha ni kama balbu: ikizima, badilisha. Kocha aliyeifikisha timu mahali ambapo hakuna klabu ya Kenya ilikuwa imewahi kufika, unamfukuza kwa kukosea nini hasa?

Kundi la tatu, la wajuaji, likasema leta wageni zaidi. Sawa, wageni wanasaidia. Karibu kila klabu ya BAL iko nao, na sisi pia tulikuwa nao. Lakini mgeni anakuja wiki chache, anacheza, analipwa, anabeba begi lake. Ukimtegemea yeye peke yake, unakodisha timu tu.

Mechi ya APR nilitazamia hapa Hurlingham, kwa baa moja ya Argwings Kodhek. Ilikuwa ile wikendi ya fainali ya FA, Crystal Palace na Man City, kwa hivyo mnajua skrini zilikuwa na nani. Nilimbembeleza mhudumu mpaka akatupatia skrini moja ndogo, ile iko karibu na choo. Tulianza watu wanne. Robo ya pili tukawa saba, ju watu wakitoka choo walikuwa wanasimama kuuliza hawa ni nani. Robo ya tatu tukarudi wanne.

Kulikuwa na mzee mmoja meza ya kando, mtu wa heshima zake, magazeti mawili na chupa moja. Akaangalia skrini, akaniangalia mimi na jezi yangu.

"Kijana, hawa si ndio mlikuwa mnasema hawapigiki?"

"Ndio hao, mzee."

"Hawapigiki na nani?"

Nikaanza kumtajia. Ulinzi Warriors. KPA. Equity Dumas. Strathmore. Akaningoja nimalize, akanywa kidogo, akasema, "Basi hao ndio waliwaangusha," na akarudi kwa gazeti lake.

Nimekaa na hilo jibu wiki kadhaa sasa na sijapata shimo ndani yake.

Angalia. Thunder walichukua ligi ya Kenya msimu wa 2024 bila kupoteza mechi hata moja. Hata moja! Tulisherehekea, na ilikuwa haki yetu. Lakini wewe uliyekuwa Nyayo mechi za kawaida za wikendi, sema ukweli ulioona. Robo ya tatu mechi imeisha. Wale wakubwa wamefunga taulo shingoni wanacheka na mashabiki, vijana wa benchi wamepewa dakika, na huku jukwaani watu wako kwa simu wakitafuta pa kwenda baadaye. Timu inashinda kwa pengo ambalo halina maana tena, na wiki ijayo ni vile vile.

Sasa fikiria dakika nne za mwisho za mechi ngumu. Pumzi imekata, miguu ni mizito, mmeachwa pointi tano, refa amewanyima faulo, ukumbi mzima unakuzomea, na mpira uko kwa mkono wako. Hapo unafanya nini? Unarusha ama unapeana? Unatulia ama unakimbia? Hicho kitu hakifundishwi kwa ubao. Hakifundishwi hata na mazoezi makali, ju mazoezini kila mtu ni rafiki yako. Unajifunza kwa kukipitia, na mara ya kwanza lazima ukosee. Swali ni unataka kukosea wapi. Nyayo, mbele ya marafiki, na mechi nyingine iko Jumamosi? Ama Kigali, mbele ya maelfu ya watu, na kila mechi ukipoteza tiketi inateleza?

Wahenga walishasema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na mama wa Thunder ni ligi yetu. Mama alikuwa anampa mtoto peremende kila wikendi na kumwambia yeye ndiye mrembo wa mtaa. Ulimwengu ukamfunza Mei.

Na si mara ya kwanza hii inatokea hapa kwetu. Mashabiki wa Gor Mahia, nisameheni, lakini lazima. Mwaka 2015 Gor walichukua ligi ya Kenya bila kupigwa. K'Ogalo hawakushikika. Barabara zilifungwa, nyimbo ziliimbwa, sote tukasema sasa Afrika itatutambua. Mwaka uliofuata wakaingia Ligi ya Mabingwa wa Afrika, wakatolewa raundi ya awali kabisa na CNaPS Sport ya Madagascar. Hiyo siku tulitafuta wachawi, tukalaumu ndege, tukalaumu uwanja. Hakuna aliyeuliza swali la yule mzee: hawapigiki na nani?

Halafu geuza upande wa pili. Ni wapi Kenya inashinda kweli, mpaka dunia inatuogopa? Riadha. Na kwa nini? Watu wanasema damu, wanasema ugali, wanasema milima. Mimi nasema ni kwa sababu hakuna mahali mkimbiaji Mkenya anapigwa kama nyumbani. Enda Iten siku ya mazoezi ya kundi kubwa. Utaona bingwa wa mbio za nje anapitwa na kijana ambaye hata jina lake hujawahi kusikia, kijana ambaye viatu amepewa na mtu. Kesho wanarudi tena.

Eliud Kipchoge mnayemjua ni wa marathon. Lakini huyo mtu alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5000 mwaka 2003, akiwa kijana mdogo. Ikafika 2012, akakosa nafasi kwenye timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Nani alimnyima? Si Mmarekani, si Muethiopia. Wakenya wenzake walikuwa na kasi kumliko, basi. Mwaka uliofuata akaingia marathon, na yaliyofuata hata bibi kijijini anayajua: dhahabu ya Rio, dhahabu ya Tokyo. Kama 2012 tungekuwa na wakimbiaji wawili tu na wengine ni wa kuwapigia makofi, Kipchoge angeendelea na 5000 mpaka ulimwengu umchoshe.

Voliboli ya wanawake ni hivyo hivyo. Prisons, Pipeline na KCB, zote tatu zimewahi kuwa bingwa wa klabu za Afrika. Tatu, na zinatoka nchi moja. Mmoja akilegea nyumbani, mwenzake anamkalia. Ndio maana Malkia Strikers wakienda nje hawashangai wakiachwa nyuma seti moja. Wameshaachwa nyuma mara nyingi sana, na watu wanaowajua mpaka kwa majina ya utotoni.

Sasa turudi Kigali, ju hapo ndipo uchungu ulipo.

Wakenya wengi wakiongea juu ya Rwanda wanaongea juu ya jengo. BK Arena, ilifunguliwa 2019, viti kama elfu kumi. Ni kweli, jengo ni tamu, na ni aibu kwamba sisi bado tunaringa na ukumbi wa Kasarani uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Lakini angalia kitu kingine. Msimu wa kwanza wa BAL, 2021, Rwanda iliwakilishwa na Patriots, na wakafika nusu fainali. Mwaka 2022 na 2023 ikawa ni REG. Mwaka 2024 na 2025 ikawa APR. Misimu mitano, klabu tatu tofauti. Hiyo inamaanisha Patriots, waliofika nusu fainali ya Afrika, walirudi nyumbani wakapigwa. REG pia wakapigwa. Huko ukiwa bingwa unalala jicho moja wazi.

Na hao APR wenyewe, si ati walizaliwa wakali. Mwaka 2024 walienda Dakar kwa kundi lao na hawakupita. Kilichouma zaidi ni kwamba mtoano wa mwaka huo ulikuwa unachezwa Kigali, kwao, na wao wakakaa jukwaani wakitazama wageni kwa sakafu yao. Mwaka mmoja baadaye ndio hao walitukaribisha na kipigo, kisha wakaenda Pretoria wakamaliza namba tatu. Na Al Ahli Tripoli, wenzetu wa kundi, ndio walichukua kombe lenyewe, Juni, kwa kuwafunga Petro de Luanda wa Angola. Kwa hivyo kundi letu lilitoa bingwa na mshindi wa tatu. Nasema hivi kwa wale wanaosema tulipigwa na "vitimu". Tulipigwa na watu.

Najua kuna mjuaji ameshainua mkono. "Lakini Petro de Luanda wanatawala Angola na wanafanya vizuri Afrika. Hiyo hoja yako imeanguka." Haijaanguka, kaa chini. Petro wamekulia mji mmoja na Primeiro de Agosto, klabu iliyobeba ubingwa wa Afrika mara nyingi kabla BAL haijazaliwa. Miaka na miaka wanakamatana koo pale Luanda. Na kwa BAL yenyewe Petro wamekuwepo kila msimu. Walipoteza fainali ya 2022 mbele ya US Monastir wa Tunisia. Walibeba kombe 2024. Wakapoteza fainali tena 2025. Hao watu wamepigwa sana, ndio maana wanajua kupiga.

Mwingine atasema, "Na Sudan Kusini? Hawana hata ukumbi wa maana, na karibu waishinde Marekani." Hiyo ndiyo hoja nzuri kuliko zote, na inaniuma ju tunahusika. AfroBasket ya 2021, pale Kigali, Morans wetu walikutana na Sudan Kusini wakitafuta robo fainali, na tukapoteza kwa pointi mbili. Mbili! Julai 2024, wale wale wakawa London wanacheza na Marekani ya akina LeBron James na Stephen Curry, wakapoteza 101 kwa 100. Pointi moja. Kisha wakaenda Olimpiki ya Paris na kuifunga Puerto Rico.

Siri ni gani? Vijana wao wengi walilelewa kibasketi nje: Marekani, Australia, ligi za Ulaya. Wanapigwa kila wiki na watu wakubwa, wakikutana kwa timu ya taifa kila mtu amekuja na makovu yake. Kwetu pia ni vile. Mnakumbuka Februari 2021, Yaoundé, Tylor Ongwae akirusha ule mpira saa ikiisha na Kenya ikaifunga Angola 74 kwa 73? Ule mrusho ulitupeleka AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993. Mkono wake haukutetemeka. Ongwae alikuwa anacheza Denmark na Bakken Bears. Mkono ulifundishwa kutotetemeka mahali, na mahali hapo hapakuwa hapa.

Lakini hatuwezi kupeleka kila kijana wa Umoja na Kibra Denmark. Kwa hivyo lazima tutengeneze mahali hapa hapa pa kupigwa. Na hapo ndipo naacha kuongea na Thunder, naanza kuongea na wengine.

Kwanza, klabu zingine. Thunder wanawalipa wachezaji ili kazi yao iwe basketi. Wanaokutana nao ni nani? Mfanyakazi wa benki anayekuja mazoezi jioni akitoka kazini. Mwanafunzi ambaye ana mtihani Jumatatu. Nilipokuwa bado chuo, kabla sijaacha, nilikuwa natazama timu yetu ikifanya mazoezi usiku, taa mbili za uwanja zikiwa zimeungua na hakuna wa kuzibadilisha. Walikuwa wakali, walai. Lakini ukimaliza masomo umeondoka, na timu inaanza upya na watoto wa mwaka wa kwanza. Kisha kijana akiwa mkali kabisa, anaenda penye mshahara uko, yaani Thunder. Simlaumu. Hata mimi ningeenda. Lakini ukiwa na klabu moja ya kulipa na nyingine zote ni za kujitolea, hapo kuna timu moja na wasindikizaji.

Na hapa nitaongea kama mtu wa Hurlingham. Makao makuu ya jeshi yako hapa. Kila siku napita kando ya ule ukuta. Jeshi hilo liko na timu, Ulinzi Warriors, timu yenye historia kubwa ya mataji, timu ambayo zamani ukisikia unacheza nayo unalala vibaya. Sasa APR ni nani? Ni timu ya jeshi la Rwanda. Sisemi Ulinzi waajiri Wamarekani. Nasema tu, kama jeshi la jirani linaona basketi ni kitu cha kuwekeza mpaka wakawa namba tatu Afrika, hata jeshi letu linaweza kuona. Bandari ya Mombasa iko na KPA. Benki ziko na timu. Pesa hazijapotea nchi hii, tunaona zikienda. Chukueni klabu mbili tu, tatu, walipeni wachezaji wafanye mazoezi asubuhi kama watu wa kazi, halafu mje Nyayo mharibie Thunder wikendi. Thunder watawashukuru siku moja.

Pili, viwanja. Nataka ufanye hii kitu. Simama Hurlingham, tembea mpaka Yaya, zunguka Lenana, rudi na Valley Road. Hesabu gorofa mpya. Utachoka. Sasa hesabu viwanja vya basketi ambavyo mtoto wa miaka kumi na mbili anaweza kuingia na mpira wake bila kubembeleza mtu. Mimi bado niko sifuri. Viwanja viko, tena vizuri, vimepakwa rangi, lakini viko nyuma ya mageti. Shule moja ya hapa, sitaitaja, uwanja wake unakaa mtupu Jumamosi na Jumapili zote. Tulienda na vijana watano wa mtaa kuomba kuutumia saa mbili tu. Soja alitusikiliza kwa adabu, akapiga simu ndani, akarudi akasema, "Wamesema ni wa wanafunzi." Tukamuuliza wanafunzi wako wapi. Akacheka, akasema hata yeye hajui. Tukaenda kudunda mpira kwa maegesho ya magari.

Unaona hiyo ni kitu kidogo. Lakini ile timu itakayomharibia Thunder mwaka 2032 iko kwa hayo maegesho sasa hivi, na inafukuzwa na mwenye gari.

Tatu, sisi mashabiki. Ligi ikichezwa Nyayo watu ni wachache, wengi ni marafiki na ndugu za wachezaji. Siku ya Kigali kila mtu akawa mchambuzi. Sitaki kuhubiri, ju nyinyi si watoto. Nasema tu kwamba kelele pia ni sehemu ya mafunzo. Mchezaji aliyezoea ukumbi ambapo unasikia kiatu kikilia sakafuni, siku akiingia mahali watu elfu kumi wanamzomea, masikio yake yanashtuka kabla ya miguu. Tungemzomea hapa kwanza, kidogo kidogo, angezoea.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Sitaki kocha afukuzwe. Sitaki kapteni wetu Griffin Ligare atusiwe na watu ambao hawawezi kuruka hata mtaro. Sitaki Thunder wavunjwe ndio wengine wapate nafasi, ju kuwavuta walio juu ni ule ujinga wetu wa kawaida. Nataka wengine wapande. Nataka msimu ambao katikati yake tunabishana kweli nani ataenda BAL. Nataka fainali ya mechi tano iende mpaka ya tano. Nataka kuona Thunder wameachwa pointi tatu na sekunde kumi zimebaki, pale Nyayo, na mtu akose, na alie, na arudi wiki ijayo.

Wengine mtasema huo si ushabiki. Enyewe nimefikiria, na naona ndio ushabiki wenyewe. Ndugu yako akitaka kwenda kupigana mtaa wa pili, humpigi makofi mlangoni tu. Unampeleka nyuma ya nyumba mnashikana kwanza, uone kama anajua kujikinga.

Kwa hivyo mechi ijayo ya Thunder na Ulinzi, nitakuwa Nyayo. Jezi yangu ya Thunder nitavaa, ju nimeinunua na pesa yangu na sina nyingine. Lakini nitakaa upande wa wanajeshi na nitapiga kelele yao mpaka sauti ikauke. Kila Thunder wakishika mpira nitawazomea. Wakikosa mrusho nitaruka. Wachezaji wakiniangalia vibaya, waniangalie tu.

Kutoka Hurlingham ni matatu mbili. Atakayekuja abebe njugu, za pale mlangoni huwa zinaisha mapema.